Mafuta ya Mama Mkwe Niliyageuza Sabuni

Senga Docus, shangazi yetu wa gazetini,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jerikeni nyuma ya nyumba yetu hapa kambi ya polisi Naguru, karatasi iko gotini, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana mimi mwenyewe nimeshajitukana hadi nimechoka. Majina yetu yabadilishe, tafadhali, nisije nikachekwa na kambi nzima.

Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa upande wa Chwele, nilikuja Kampala miaka tisa iliyopita kuuza mitumba na rafiki yangu Nelima ambaye mpaka leo anakaa Bukoto, na hapa ndipo nilipokutana na mume wangu Odoch, Mwacholi, polisi, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti hata akiwa na njaa. Tuna miaka saba ya ndoa na Mungu hakutupa mtoto, au nasema vibaya, alitupa mara mbili na mara mbili akachukua, wa kwanza miezi mitatu, wa pili miezi mitano, na huyo wa pili nilimwona uso. Daktari akasema nikishika tena lazima nishonwe mlango wa kizazi, niende kliniki kila mara, nipumzike nisiuze chochote, na hayo yote yanataka pesa, basi nilitoka pale hospitali nikajiapia kwamba katika nyumba yangu hakuna kitu kitakachokaa bure wala kutupwa bure tena.

Senga, nilibana. Sabuni ya kipande natengeneza mwenyewe kwa mafuta na soda kali, sabuni ya maji natengeneza, majivu ya sigiri nayachekecha ya kusugulia sufuria, maganda ya ndimu naloweka kwenye siki ya kufutia sakafu, vumbi la makaa nalikanda na uji wa muhogo nalifanya mabonge ya kuchemshia maharage, majani ya chai yanachemka mara mbili halafu yanaenda kwenye sukuma wiki niliyopanda kwenye ndoo zilizotoboka. Wanawake wa kambini walinicheka kwanza, baadaye wakaanza kubisha hodi kununua sabuni. Odoch alikuwa ananiita Waziri wa Fedha, akiona nimekata tyubu ya dawa ya meno katikati nikwangue iliyobaki anacheka mpaka anashika ukuta.

Sasa, yule wa pili alipotoka, mama mkwe alikuja kutoka Kitgum. Kila mtu alimwita Min Odoch, ndivyo kwao wanavyosema mama yake Odoch. Hatukuwa na lugha nzuri ya kuongea mimi na yeye, tulikuwa na kile Kiswahili kidogo alichookota kwa marehemu mume wake aliyekuwa mwanajeshi, lakini alikaa wiki mbili, akanifulia nguo zangu zile za hospitali kwa mikono yake, hakuniuliza swali hata moja. Siku ya kuondoka alimpa Odoch jerikeni ndogo ya njano iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, ndani yake moo yaa, yale mafuta ya kokwa za mti wa shea ambayo wanawake wa kaskazini wanayakamua wenyewe. Odoch akaiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Nikamuuliza kama ni ya kupikia. Akasema, "Hii mafuta ya mama. Wewe acha tu ikae." Na mimi sikuuliza tena.

Min Odoch alifariki Agosti mwaka jana. Odoch alisimamia mazishi yote, akapanga viti, akaelekeza magari, akashika kamba ya jeneza, hakutoa chozi hata moja, na tangu siku hiyo amekuwa kimya, anakula, anaenda kazini, anarudi, ananisalimia, lakini ni kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

Januari akapelekwa kazini Karamoja. Mimi nilikuwa nimechukua oda za sabuni za wanawake wa hapa na mafuta sokoni yamepanda, nikakaa nikatazama nyumba yangu nione ni nini kinakaa bure. Nikapanda kwenye stuli. Nilipotoa lile gunzi yakaninukia moshi, nikasema haya yameshaharibika, miaka mitatu, nani atayala haya, na Senga, nakuambia ukweli kwa sababu nimekuja kwako kusema ukweli, nilikumbuka kwamba Odoch alisema acha yakae. Nilikumbuka vizuri kabisa. Nikajiambia atakuta sabuni, atafurahi. Nikapima soda, nikaiyeyusha nje kwenye maji, ikapoa, nikamimina yale mafuta yote, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, nikamwaga kwenye maboksi ya maziwa. Ile sabuni ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na hilo ndilo linaniuma. Nyeupe, laini, povu jingi. Nikaiacha ikauke wiki nne, na nilipoitoa iliisha ndani ya siku tatu, wanawake wakawa wananiuliza umeweka nini humu. Kilibaki kipande kimoja tu kilichopinda, boksi lake lilikuwa limelegea, nikaona aibu kukiuza, nikakitupia pale dirishani, juu ya ukingo. Jerikeni nikaisugua kwa mchanga nikaijaza sabuni ya maji.

Na mwezi huohuo wa Februari nikagundua nimeshika mimba. Sikumwambia Odoch kwa simu, niliogopa kusema kwa mdomo, nikaenda kliniki peke yangu, nikashonwa, nikasubiri mpaka alipokuja likizo ya siku mbili mwezi uliopita, nikamkalisha kitandani nikachukua mkono wake nikauweka tumboni.

Senga, alisimama, akavuta stuli, akapanda, akasogeza sanduku. Akageuka.

"Mafuta iko wapi?"

Nikamwonyesha jerikeni pale kwenye beseni la vyombo. Aliishika, akaifungua, akanusa, ikatoka harufu ya ndimu. Nikasema, "Nilitengeneza sabuni, baba, yalikuwa yanakaa bure." Akakaa chini, chini kabisa sakafuni na sare yake, akaniambia polepole, "Mama alitengeneza hii ya mtoto. Alisema mtoto wetu akitoka, anapakwa hii, mwili yote. Alisema yeye pengine hatakuwa hapa, lakini mkono wake itakuwa."

Nikapiga kelele kwa nini hukuniambia, miaka mitatu kwa nini hukuniambia! Akasema, "Ulikuwa unalia kila siku. Ningekuambia aje kwamba kuna mafuta inangojea mtoto?"

Hapo ndipo nilipofanya kile kibaya zaidi. Nilipouona ule uso nikasema, "Si yote. Nilibakiza kidogo. Iko kwa Nelima, Bukoto." Ilitoka yenyewe, sikuipanga. Na Odoch akafunika uso kwa mikono akalia, akalia kilio ambacho hakulia kwenye mazishi, akampigia dada yake Anena huko Kitgum, nikamsikia anamwambia kwa Kiacholi na mimi Kiacholi nilichokijua kilitosha kuelewa, mafuta ya mama bado ipo. Anena naye nikamsikia analia kwenye simu. Asubuhi na mapema likizo ikaisha, Odoch akaniambia nikayachukue Bukoto, akarudi Karamoja anatembea kama kijana.

Nilimwambia Nelima kila kitu. Akasema mbona hii ni rahisi, tukaenda Nateete tukanunua chupa ya moo yaa, lakini nilipoinusa haikuwa yale, ya mama yalikuwa na moshi. Nelima akasema basi yapitishe kwenye moshi, wewe si fundi wa kutengeneza kila kitu? Nikajaribu. Nilikaanga simsim ya kuyapa harufu, nikaweka mafuta juu ya sigiri ya kuni mbichi, mara ya kwanza yakaungua, ya pili yakanuka samaki, ya tatu hapana. Juzi mara ya nne, Senga, nilifungua mfuniko na Min Odoch akawa kama amesimama jikoni. Ilikuwa sawasawa. Nikaiweka chini chupa nikaifunika upesi.

Odoch anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Niko mwezi wa tano, mwezi uleule, presha inapanda, muuguzi ananiambia nisijitie mawazo. Nikimwambia ukweli namzika mama yake mara ya pili, na nikigombana naye sasa naogopa mtoto atatoka. Nikimpa hii chupa atakuwa na amani, na Anena atakuwa na amani, na hakuna atakayejua ila mimi na Nelima. Nilikuwa naweka akiba kwa ajili ya mtoto huyuhuyu, Senga. Nilikuwa namwekea. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Nasike, Naguru


SENGA DOCUS ANAJIBU

Nasike, mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na sitakutukana. Nitakugombeza, hiyo ndiyo kazi niliyopewa, lakini kabla ya hapo pole. Pole kwa wale wawili. Pole kwa huyo uliyemwona uso. Bambi, masikini wee, mwanamke aliyepita hapo akianza kukusanya hata maganda ya ndimu, mimi siwezi kumcheka.

Sasa kaa vizuri kwenye hiyo jerikeni yako.

Uliambiwa acha ikae. Na umekiri mwenyewe kwamba ulikumbuka, nakuheshimu kwa hilo. Kubana matumizi ni kazi njema, na sabuni yako nadhani ningeinunua hata mimi. Lakini wewe ulifika mahali ukiona kitu kimetulia unadhani kinapotea. Ndani ya nyumba kuna vitu kazi yake ni kukaa. Picha ya marehemu inakaa. Nguo ya ubatizo inakaa. Mume wako alikuwa na kitu kimoja juu ya kabati, kimoja tu, na wewe ulikuwa na nyumba nzima.

Na wewe Odoch, ukiletewa gazeti hili ukajitambua, nakugombeza pia. Ulimficha mkeo ili asilie, naelewa, lakini kitu kikubwa hivyo hakiachwi juu ya kabati bila neno. Ungemwambia hata sentensi moja. Angelia, halafu angeitunza kuliko wewe.

Hayo yameisha, mafuta yameshakuwa povu, hakuna wa kuyarudisha. Sabuni si dhambi yako kubwa, nyabo. Ile ilikuwa kosa la mkono mwepesi. Ninayoiogopa mimi ni ile chupa ya nne, uliyoifukiza moshi.

Unaniambia Odoch hatajua. Hatajua! Umeniambia mwenyewe inanukia sawasawa, na mikono yako naiamini. Atapaka mtoto, atainama amnuse kichwani, atafunga macho, atamwona mama yake. Na wewe utakuwa umesimama pembeni unanusa kuni mbichi na simsim ya kukaanga. Kila akimbeba mtoto, yeye yuko na mama yake na wewe uko na sigiri. Utaanza kumwepuka mume wako wakati amefurahi. Mtoto ataugua homa ya kawaida na wewe utajiambia ni kwa sababu ya chupa. Umeweka akiba miaka yote hii upate mtoto wa kumshika ukiwa na amani, halafu unataka kumpokea na uongo mwilini. Hapana. Hiyo nakukataza.

Nelima rafiki yako anakupenda, lakini asikushauri tena jambo hili. Mwambie nimesema.

Kesho nenda kliniki. Usingoje siku iliyoandikwa kwenye kadi. Mwambie muuguzi presha inapanda na una jambo zito moyoni, si lazima umwambie ni lipi, na umuulize ufanye nini ukisikia maumivu. Halafu mpigie Anena simu. Ndiyo, Anena kwanza, kabla Odoch hajafika, kwa sababu naye amelia kwa habari yako na ana haki. Usimwambie kwa kuzungukazunguka. Sema hivi: "Nilidanganya. Mafuta ya mama niliyafanya sabuni yote. Nilimwona ndugu yako uso nikaogopa." Akikata simu, mwache akate. Atapiga tena. Akipiga, muombe aje Naguru.

Akija, aje na kokwa za yaa, ule mti wa shea. Huu ndio msimu wake, ziko chini ya miti kule kwao. Wewe umeshonwa, huendi Kitgum na hutwangi, Anena atatwanga, na wewe kazi yako ni kukaa na kukoroga na kuuliza. Muulize mama alizikausha wapi, alizikaanga mpaka rangi gani, ule moshi ulitoka wapi. Umejifundisha kukanda makaa na kupika sabuni bila mwalimu, hiki utafundishwa na mtoto wa Min Odoch mwenyewe. Yatakayotoka msiseme ni ya Min Odoch. Semeni ni ya Anena na Nasike. Mtoto akizaliwa salama, muulizeni mkunga kwanza, akiruhusu, mpakeni hayo.

Ile chupa ya nne pikia mboga kama inalika. Najua huwezi kuimwaga, na mimi sitakulazimisha.

Jumamosi Odoch akiingia, mpe maji ya kunywa, avue viatu, akae. Mchana, si wakati mnataka kulala. Mwambie maneno yaleyale uliyomwambia Anena, usiyapambe, usilie mbele yake ili akubembeleze wewe, zamu hii ni yake. Anaweza kutoka nje. Anaweza kunyamaza siku mbili. Mtu asiyepandisha sauti akiumia anaumia kwa ndani, usimfuatefuate na chai. Lakini mwanamume aliyekaa miaka mitatu akimeza siri ili wewe usilie, sioni akikuacha na mimba ya miezi mitano kwa sababu ya sabuni.

Na majina yenu nimeyabadilisha, kale, sawa, lakini wanawake walioogea ile sabuni watajijua siku wakisoma hapa. Nimeishikilia barua yako isitoke gazetini mpaka Jumatatu baada ya hiyo Jumamosi. Jibu hili nakutumia mkononi leo. Kwa hiyo una muda, lakini huna muda wa kuchezea.

Limebaki jambo moja, na nashangaa hukuliona, banange, jamani, wewe uliyekwangua tyubu ya dawa ya meno! Umeniandikia kwamba kipande kimoja kilipinda ukaona aibu kukiuza, ukakitupia dirishani. Nasike, hicho kimetengenezwa kwa nini? Umezunguka Nateete, umefukiza moshi mara nne, unatafuta mafuta ya mama yako mkwe, na mafuta ya mama yako mkwe yako dirishani kwako yanapigwa vumbi. Ulimwambia mumeo ulibakiza kidogo. Ulikuwa unadanganya, na kumbe ulikuwa umebakiza.

Usimwogeshe mtoto nacho, ngozi ya mtoto mchanga haitaki soda. Hicho ni cha Odoch. Leo hii kitoe hapo dirishani, kipanguse, kifunge kwenye kitambaa cha pamba, usikifunge kwenye kaveera ya plastiki kwa sababu sabuni itatoa jasho, hilo unalijua kuliko mimi. Ukimaliza kusema yote Jumamosi, mpe mkononi. Usimweleze cha kufanya nacho. Akitaka kunawia, mletee maji wewe mwenyewe, yawe ya uvuguvugu, na safari hii usipime.

Senga Docus